Jina Ambalo Halijawahi Kuvaliwa

Kila asubuhi, kabla jua halijafika kwenye paa la nyumba yao mjini Bariadi, Joyceline alikuwa ameshafagia uwanja, ameshajaza pipa la maji na ameshabandika uji wa mama. Mama yake, Anyes, alikuwa amejifungua mtoto wa kiume, na tangu siku hiyo kazi nyingi za nyumbani zilihamia mikononi mwa Joyceline. Alifua nepi na kuzianika kwenye kamba. Mama alipokwenda kuoga, yeye ndiye aliyempakata mtoto na kumwimbia. Baada ya hapo alivaa sare yake ya darasa la sita na kukimbilia shule.

Hakunung'unika, kwa sababu alikuwa na ahadi.

Ahadi hiyo aliipata kabla mtoto hajazaliwa. Baba yake, Raymond, alikuwa fundi baiskeli karibu na soko. Siku moja Joyceline alipompelekea chakula cha mchana, baba alimwambia, "Mama yako amechoka. Ukimsaidia bila kununa, jina la mtoto utalitoa wewe."

"Mimi? Kweli, baba?"

"Wewe mwenyewe. Lakini kuna sharti. Liwe jina litakalozeeka vizuri."

Joyceline alicheka. "Jina linazeekaje, baba? Kwani lina meno ya kung'oka?"

"Sharti si langu," alijibu baba. "Ni la babu yako." Kisha akachukua spana, akainamia gurudumu na kulizungusha muda mrefu, ingawa halikuwa na tatizo lolote.

Joyceline hakuuliza zaidi. Babu Masele alifariki mwaka uliopita, wakati pamba ikitoa maua, na tangu hapo baba alikuwa na desturi ya kushika spana kila anapomtaja.

Kwa hiyo mtoto alikaa bila jina. Baba alimwita "bosi." Majirani walimwita "mgeni." Jina lenyewe lingetangazwa wakati wa likizo, kijijini Sola, wilaya ya Maswa, mbele ya bibi na ukoo wote. Jumapili yake mtoto angebatizwa katika kigango, kanisa dogo la huko.

Siku ya kufunga shule, Joyceline na rafiki yake Precious walikaa kwenye ngazi za darasa wakijadili jambo hilo. Ndalahwa, mvulana aliyekaa dawati la nyuma yao, alikuja akitafuna muwa.

"Nyie watu wa Sola mnajisumbua bure," alisema. "Mtamwita Masele, kama babu yenu. Watu wa shamba hamna jina jingine."

"Hatumwiti Masele!" Joyceline alijibu kwa ukali uliomshangaza hata yeye mwenyewe. Masele lilikuwa jina la babu. Hakutaka kulisikia likitajwa na mtu anayetafuna muwa. "Mdogo wangu atapata jina la mjini. Jina ambalo hata wewe hujawahi kulisikia."

"Tutaona," alisema Ndalahwa, akatema makapi.

Jina hilo la mjini Joyceline alikuwa ameshalipata. Wiki hiyo basi jipya lilikuwa limeingia standi ya Bariadi. Lilikuwa jekundu, linang'aa, na ubavuni liliandikwa kwa herufi kubwa za dhahabu: SUPASTAA. Honi yake iliimba kama kinanda. Watu waliacha shughuli zao kulitazama, na waendesha bodaboda walipiga picha mbele yake. Joyceline aliwaza, "Mtu mwenye jina kama hili, popote atakapopita watu watageuka."

Alimnong'oneza Precious. Precious alifikiri kidogo.

"Supastaa," alisema. "Ni zuri. Lakini je, akiwa mwalimu wa hesabu? 'Shikamoo, mwalimu Supastaa'?"

"Atakuwa mwalimu anayependwa kuliko wote," alijibu Joyceline.

*

Walifika Sola mchana, vumbi likiwa limewapaka hadi kope. Pande zote pamba ilikuwa imepasuka, nyeupe, na watu walikuwa mashambani na mashuka kiunoni wakichuma. Bibi Milembe alitoka jikoni akijifuta mikono kwenye kanga.

"Mwadila!" alisalimia Kisukuma.

"Mwadila, bibi!" waliitika.

Alimkumbatia Joyceline. "Karibu, mke mwenzangu." Hivyo ndivyo alivyomwita siku zote, kwa kuwa babu naye alikuwa na desturi ya kumwita Joyceline mke wake mdogo. Bibi akamtazama usoni na kusema taratibu, "Mume wetu ametuachia nyumba, sisi wajane wawili." Alitabasamu, lakini hakucheka. Zamani bibi alikuwa akicheka mpaka kuku wanakimbia.

Kisha akampokea mtoto. "Na huyu ndiye mume wangu mpya? Mbona hana nywele?"

Walikaribishwa matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa kisha vikachemshwa, pamoja na karanga na maziwa mgando. Kigoda cha babu kilikuwa mahali pake kando ya mlango, kimefutwa vumbi. Hakuna aliyekikalia.

Mara aliingia baba mkubwa Disko, kaka wa baba yake Joyceline, pamoja na mwanawe Elia. Baba mkubwa alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye mvi zilizoanza kuchungulia juu ya masikio. Watu wote wa Sola walimwita Disko. Joyceline alilizoea jina hilo tangu utoto wake, na kamwe hakuwahi kujiuliza lilitoka wapi.

Wote walipokwisha kuketi, baba alikohoa. "Mtoto huyu bado hana jina. Dada yake amefanya kazi kubwa, nami nilimwahidi. Joyceline, simama utuambie."

Joyceline alisimama. Alimtazama mdogo wake aliyekuwa amelala mikononi mwa bibi, akasema kwa sauti kubwa, "Anaitwa Supastaa!"

Elia akapaliwa na karanga. Akakohoa, akashika tumbo, akaanguka ubavu kwa kicheko.

"Supastaa! Baba, umesikia? Kama yule wetu!"

"Wenu yupi?" aliuliza Joyceline.

"Maksai wetu! Yule mwekundu mwenye pembe moja iliyopinda! Ndiye anayevuta mkokoteni!"

Baba mkubwa Disko alijikuna shingo kwa aibu. "Ni kweli, binti yangu. Nililisikia redioni, nikaona linamfaa. Mwenzake anaitwa Bajeti."

Watu walijitahidi kujizuia, lakini hata mama aliinamisha kichwa na mabega yake yakatikisika. Machozi yalimlenga Joyceline. Aliona jasho lake lote la kufua nepi na kuchota maji likigeuzwa mzaha.

"Basi mbadilishieni ng'ombe jina!" alisema kwa nguvu. "Mtoto ni mtu! Kwa nini mtu ndiye amwachie ng'ombe?"

Elia aliacha kucheka. Wakubwa walitazamana. Bibi Milembe ndiye aliyejibu.

"Amesema neno. Mtu hawezi kumwachia ng'ombe. Haya, Disko, kesho si unapeleka pamba kwenye ghala la ushirika? Nenda na Joyceline. Mpeni maksai jina jipya. Akilikubali mpaka mnafika ghalani, mtoto ataitwa Supastaa, na mimi nitakuwa wa kwanza kumwita hivyo. Akilikataa, Joyceline atatafuta jina jingine kabla ya Jumapili."

"Nimekubali," alisema Joyceline, akifuta machozi kwa kiganja. "Maksai ataitwa Meneja."

*

Asubuhi walipakia pamba kwenye mkokoteni mpaka ikawa kama kilima cheupe. Baba mkubwa aliwafunga maksai nira. Bajeti alikuwa mweusi na mtulivu. Supastaa, ambaye sasa alikuwa Meneja, alitikisa masikio na kumtazama Joyceline kwa jicho moja.

"Leo wewe ndiye mwenye amri," baba mkubwa alimwambia, akapanda juu ya pamba. "Elia atashika kamba, wewe ita."

Joyceline alijiweka sawa. "Bajeti! Meneja! Twende!"

Bajeti alipiga hatua. Mwenzake alisimama kama nguzo. Nira ikapinda, mkokoteni ukazunguka, na gurudumu likakanyaga beseni la bibi.

"Meneja, twende!" Joyceline alirudia.

Maksai alianza kucheua.

"Labda bado hajasoma barua ya kupandishwa cheo," alisema Elia.

"Nyamaza wewe! Meneja! Meneja!"

Hatimaye maksai alitembea, lakini ni kwa sababu Bajeti alimvuta. Njiani alikwenda alivyotaka. Joyceline akisema "Meneja, kulia!" yeye anatazama kushoto. Akisema "Meneja, pole pole!" yeye anaongeza mwendo. Elia alitamani kusema kitu kila wakati, na kila wakati baba yake alimkonyeza anyamaze.

Walipokaribia ghala, waliwakuta watu wengi wamekaa kando ya magunia yao wakisubiri zamu. Pembeni ya njia mama mmoja alikuwa ameanika mtama kwenye turubai. Maksai aliuona. Aliinua pua, akanusa, akakata kona kuelekea kwenye turubai, akimburuta Bajeti, mkokoteni na kilima chote cha pamba.

"Meneja! Simama!" alipiga kelele Joyceline. "Meneja! Nimesema simama!"

"Ng'ombe wa nani huyu?" mama mwenye mtama aliruka akishika ufagio. "Nyie watoto, mtama wangu!"

Elia alivuta kamba kwa nguvu zote, lakini miguu yake iliteleza vumbini. Pua ya maksai ilishafika ukingoni mwa turubai. Joyceline aliwatazama watu waliokuwa wakimwangalia. Aliutazama mtama. Akajaza hewa kifuani.

"SUPASTAA! SIMAMA!"

Maksai alisimama papo hapo. Alishusha kichwa kwa adabu, kama mwanafunzi aliyeitwa na mwalimu mkuu.

Ghala zima lililipuka kwa kicheko. "Supastaa!" mzee mmoja alisema akifuta macho. "Kumbe ana masikio! Supastaa, omba radhi kwa mama!"

"Supastaa, njoo upime pamba!" mwingine akadakia.

Joyceline alisimama katikati ya vicheko, mashavu yakimwaka moto. Lakini hakuwa akijifikiria yeye. Aliona kama kwenye picha mdogo wake akiwa mtu mzima, amekuja ghalani kuuza pamba yake, na watu hawa hawa wakimwita hivyo hivyo.

Kijana mmoja mpakiaji, ambaye hata ndevu zilikuwa bado hazijamwota, alimpigia mluzi baba mkubwa. "Disko! Leo umekuja na wanenguaji?"

Baba mkubwa alitabasamu. Watu walicheka tena, kicheko kilichozoeleka, kama mtu anayepiga hodi kwenye mlango anaoujua. Joyceline alimtazama. Tabasamu lilikuwa mdomoni tu. Machoni halikufika.

*

Waliporudi, mkokoteni ulikuwa mtupu na maksai walijua njia ya nyumbani. Joyceline alikaa mbele, kando ya baba mkubwa.

"Baba mkubwa," alisema, "jina lako la kweli ni nani?"

Baba mkubwa aligeuka kumtazama. "Sikumbuki kama nimewahi kuulizwa hivyo," alisema. "Naitwa Januarius."

Joyceline alilirudia kimoyomoyo. Januarius.

"Nilibatizwa jina hilo," aliendelea baba mkubwa. "Lakini mwaka niliozaliwa, muziki wa disko ulikuwa umeingia Maswa. Lilikuwa neno jipya, tamu, kila mtu analo mdomoni. Babu yako alilipenda sana, akalitumia mara mbili: kwangu na kwa maksai wake. Maksai alikufa zamani. Mimi nikabaki na jina."

Elia aliyekuwa nyuma alicheka, na baba yake naye akacheka kidogo.

"Nikiwa mdogo lilinipendeza. Watoto walinionea wivu. Nilipofika shuleni, mwalimu aliandika Disko Masele kwa sababu hakuna aliyemwambia vinginevyo. Nilipokwenda kuposa, baba wa msichana aliuliza kama nina kazi au nazurura kwenye kumbi za muziki. Nilipogombea uenyekiti wa ushirika, mtu mmoja alisimama akasema, 'Tukimchagua Disko tutacheza mpaka pamba ioze.' Watu walicheka sana. Hata mimi nilicheka. Lakini kura hazikutosha."

"Kwa nini hukuwaambia wakuite Januarius?"

"Nani angeitika? Umemwona yule maksai leo? Naye ana muda mfupi tu na jina lake. Mimi nimeitwa hivyo maisha yangu yote." Akapitisha kidole kwenye ubao wa mkokoteni. "Babu yako alikuja kuliona hilo. Ndiyo maana hapa kwetu neno jipya likija redioni hupewa ng'ombe. Kabla ya Supastaa tulikuwa na Dijitali. Kabla yake Kaseti. Ng'ombe hagombei uenyekiti."

Walipita shamba ambalo wachumaji walikuwa wakiimba.

"Alipokuwa mgonjwa," alisema baba mkubwa, sauti yake ikiwa chini, "nilikuwa nimekaa kitandani kwake. Akaita, 'Januarius.' Niligeuka nyuma kutazama ni nani ameingia. Hakukuwa na mtu. Alikuwa ananiita mimi. Akasema, 'Mtoto atakayezaliwa, kabla hamjampa jina, mlitazame kwanza likiwa na mvi.'"

Sasa Joyceline alijua sharti lilitoka wapi, na kwa nini baba yake alishika spana.

*

Alasiri hiyo alikwenda shambani na bibi kuchuma. Walipita mistari bega kwa bega, pamba safi ikiwekwa kwenye shuka na pamba fifi, ile yenye madoa, ikiwekwa pembeni. Joyceline alikuwa akitamka majina kwa sauti ya chini.

"Unaongea na pamba, mke mwenzangu?" aliuliza bibi.

"Najaribu majina, bibi." Alisita. "Je, unataka aitwe Masele?"

Mikono ya bibi ilisimama juu ya mpamba. Kwa muda alionekana kama anasikiliza kitu cha mbali.

"Kila mtu anadhani nataka hivyo," alisema. "Jina lile ni zuri, limezeeka vizuri kuliko yote ninayoyajua. Siku moja mtoto wa ukoo huu atalivaa. Lakini bado. Nikisema 'Masele, njoo ule,' moyo wangu utageukia mlangoni kumtafuta yule. Mtoto atakuja, nami nitasikitika kwamba aliyekuja ni yeye. Je, hiyo ni haki kwa mtoto?"

"Hapana, bibi."

"Basi tuache bado kidogo."

Wakaendelea kuchuma. Joyceline alihisi kitu kikilegea kifuani mwake. Kumbe hata yeye ndivyo alivyokuwa akihisi siku ile Ndalahwa alipotafuna muwa, ila hakuwa na maneno ya kueleza hisia hiyo.

"Bibi, rafiki yangu anaitwa Precious. Hilo nalo ni jina baya, kwa sababu ni la kisasa?"

"Maana yake nini?"

"Wa thamani."

Bibi alifikiri. "Mtoto mchanga ni wa thamani. Bibi harusi ni wa thamani. Na mimi hapa, nisiye na meno ya nyuma, je?"

"Wewe ni wa thamani, bibi!"

"Basi jina hilo halina ubaya. Mwambie rafiki yako alitunze. Ubaya si upya, wala si ugeni. Ubaya ni jina linalomfaa mtu asubuhi tu, jioni likamkimbia."

Joyceline alitupa pamba kwenye shuka, akasimama wima. Akaita kuelekea shamba lililokuwa wazi, kama mama anayemwita mtoto, "Januarius! Njoo uoge!"

Bibi aligeuka haraka.

Joyceline alibadilisha sauti, akawa mwalimu. "Januarius Raymond, simama usome." Akawa padri siku ya harusi. "Januarius, unakubali?" Akawa mpiga kura kwenye mkutano wa ushirika. "Mimi nampendekeza Januarius." Mwisho akainama, akashika kiuno na kusalimia mtu mwenye mvi ambaye hayupo. "Shikamoo, mzee Januarius. Miguu inaendeleaje?"

Bibi Milembe alikuwa ameziba mdomo kwa kanga. Macho yake yalijaa maji, na Joyceline aliogopa.

"Nimekosea, bibi?"

"Hujakosea," alisema bibi. "Lakini jina hilo lina mwenyewe. Nenda ukaombe."

*

Baba mkubwa alikuwa zizini akiwapa maksai maji. Joyceline alisimama mbele yake, mikono nyuma.

"Baba mkubwa, nimekuja kuomba kitu chako."

"Kitu gani, binti yangu?"

"Jina lako. Lile ambalo hulitumii."

Baba mkubwa aliweka ndoo chini. Aligeukia nira iliyoning'inia kwenye nguzo, akaanza kukagua kamba zake moja moja, ingawa hazikuwa na tatizo lolote. Joyceline alimkumbuka baba yake na gurudumu, akasubiri.

"Halijachakaa hata kidogo," alisema hatimaye, mgongo wake ukiwa bado umegeuka. "Kama nguo iliyokaa sandukuni. Sijawahi kulivaa. Mpe mtoto."

"Simpi mtoto peke yake," alisema Joyceline. "Nataka mlivae wote wawili. Tukimwita yeye, na wewe uitike. Watu watazoea."

"Na Supastaa?"

"Jina lake abaki nalo. Linamfaa."

Maksai aliposikia jina lake aliinua kichwa kutoka kwenye maji, matone yakimdondoka kidevuni. Baba mkubwa akacheka, na safari hii kicheko kilifika machoni.

Jumapili kigango kilijaa. Padri aliuliza, "Mtoto huyu mnampa jina gani?" Baba na mama walimtazama Joyceline, akatikisa kichwa kukubali, nao wakasema kwa pamoja, "Januarius." Watu wa Sola walitazamana. Kisha padri akauliza msimamizi wa ubatizo ni nani, na baba mkubwa akasogea mbele akiwa amevaa koti lake la pekee. "Ni mimi," alisema. "Januarius Masele." Kulikuwa na minong'ono, lakini hakuna aliyecheka. Yule kijana mpakiaji wa ghalani, aliyesimama karibu na dirisha, alifungua mdomo, akaufunga.

Baada ya chakula, nyumbani kwa bibi, wote walikaa uwanjani. Baba alimwita Joyceline karibu yake.

"Ulikuwa umeshaahidi shule nzima jina la mjini," alisema. "Ndalahwa utamwambia nini?"

"Nitamwambia nilipata la mjini, nikamwachia ng'ombe."

Watu walicheka. Bibi Milembe akamvuta mjukuu wake, akamkalisha kwenye kigoda cha babu, kile ambacho hakuna aliyekuwa amekikalia. Joyceline alishtuka, lakini bibi alimshika bega asisimame.

"Sikilizeni, na nyie watoto wengine," alisema. "Mtu akishona gauni la mtoto, hushona kwa kipimo cha leo, kwa sababu mwakani atashona jingine. Jina halishonwi mara mbili. Mtoto atatambaa nalo, ataoa nalo, atauguza wazazi nalo, na siku ya mwisho litasomwa mbele ya watu akiwa hawezi tena kujitetea. Kwa hiyo anayempa mtu jina, au cheo, au hata utani wa mitaani, asiangalie tu kama linapendeza leo. Aangalie kama mwenye nalo atalibeba bila aibu mpaka mwisho wa njia. Joyceline alikubali kujaribu, alikubali kuchekwa, na alikubali kubadili nia. Hivyo ndivyo mtu anavyochagua vizuri. Wabeja sana, mke mwenzangu."

"Asante nawe, bibi."

Mtoto aliamka na kuanza kulia. Joyceline alisimama kumfuata, akaita kama atakavyoita miaka mingi ijayo, "Januarius!"

"Naam!" iliitika sauti nene kutoka zizini, na baba mkubwa akatokeza mbio, ndoo mkononi, akidhani anahitajika.

Bibi Milembe alimtazama mwanawe mwenye mvi, akamtazama mjukuu wake asiye na nywele, akaanza kucheka. Alicheka mpaka kuku wakakimbia.